Skrini Haizimi

Usenge, 6 Mei 2025

Kwa Baba Shiku wa Mamboleo,

Nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani, usinicheke. Simu yangu Frankline alienda nayo. Yake ilikuwa imevunjika kioo, akaniomba yangu ile Ijumaa ili wenzake wampate akiwa majini. Simu iliyobaki hapa bomani ni ya shemeji yangu Absalom, na hiyo ukipiga, kila mtu atajua maneno yako kabla hayajanifikia. Barua hii nampa Wakhungu, yule dereva wa lori la samaki wa omena. Jibu umpe yeye peke yake.

Najua ulisikia. Mashua ilionekana imepinduka karibu na kisiwa cha Mageta. Wenzake wawili walivutwa wakiwa hai. Mwanangu hakuonekana, na mpaka leo ninapoandika ziwa halijamrudisha.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Juzi Jumapili niliwasha skrini ya kibanda changu cha kuonyesha mpira. Si kwa sababu ya wateja, nani ana moyo wa wateja. Nilikuwa tu nimechoka na watu wanaonyamaza nikiingia. Ilikuwa taarifa ya saa moja jioni, saa ya pembeni ya skrini ikisema saa moja na dakika kumi na mbili. Wakaonyesha wachuuzi wa hapo kwenu Mamboleo, Kisumu, wakilalamika juu ya barabara, na nyuma ya mwanamke mmoja aliyekuwa akiongea, Frankline akapita. Alikuwa na fulana yake ya bluu, na kamba ya mashua imezungushwa begani. Akageuka, akaangalia kamera, akaenda. Mimi ndiye niliyemzaa, Baba Shiku. Sihitaji kuonyeshwa mtoto wangu mara mbili.

Nilipiga kelele. Watu walipoingia, picha ilikuwa imepita. Absalom ananiambia ni majonzi yananichezea macho.

Na haraka yangu ni hii. Wazee wanataka kuzika yago. Wewe ni mtu wa Murang'a, hujui mambo haya. Hapa kwetu mtu akimezwa na maji na mwili ukakosekana, tunakata tunda la mti wa yago, lile refu, tunalilaza kwenye sanduku, tunalilia kama mtu na kulizika kwa jina lake. Likishaingia ardhini, huyo amekufa, amekwisha. Wamepanga iwe Jumamosi hii. Mimi simziki mtu niliyemwona Jumapili akitembea. Lakini mimi ni mjane, nani atanisikiza nikija mikono mitupu?

Frankline aliwahi kuniambia mashine yako, hiyo inayotuletea picha vibandani, inahifadhi kila kitu kinachopita. Nitafutie hiyo picha. Tafadhali.

Mimi,
Maryanne Akello, mama yake Frankline


Mamboleo, 8 Mei 2025

Mama Frankline,

Pole, mama. Nimekaa na hilo neno tangu nisikie habari, na sikujua nikuletee vipi.

Wakhungu amenipa barua yako asubuhi, na nimefunga duka ili nifanye kazi yako tu. Labda kijana hakukueleza vizuri hapa kwangu kukoje. Kwenye hii mashine kuna programu moja inayofanya kazi chinichini. Haina skrini, haina kitufe, mtu akiingia hapa haioni. Yenyewe ndiyo inayoshika mawimbi ya televisheni kutoka kwa dishi lililo juu ya paa, halafu inazigawia programu nyingine. Moja inapeleka picha kwa vibanda, kuanzia Asembo Bay mpaka kwako Usenge. Nyingine inarekodi. Nyingine inapanga ratiba. Hizo zote hazijui hata dishi liko upande gani. Zinanyoosha mkono tu, na ile ya chini inaziwekea. Frankline ndiye mteja pekee aliyewahi kuniuliza mambo haya. Wengine wananiuliza tu kwa nini mpira umekwama.

Basi nikaiuliza ile ya kurekodi: Jumapili jioni, saa moja na dakika kumi na mbili, ni nini kilienda Usenge? Ikanipa.

Mama, ni yeye. Sikuhitaji hata kuikuza. Ni yeye kabisa, ameangalia mbele na ile sura yake ya kutaka kuuliza kitu. Nimelia hapa peke yangu, mtu mzima. Nimeipeleka studio ya picha wakaichapa kwenye karatasi nzuri, imo ndani ya bahasha hii. Na kwenye mashine nimeiwekea alama isifutwe kamwe.

Waambie wazee wangoje. Msizike.

Wako,
Muchiri, Baba Shiku


Usenge, 11 Mei 2025

Baba Shiku, ndugu yangu,

Mungu akupe maisha. Wakhungu alifika Ijumaa, sanduku likiwa tayari limeletwa na tunda limeshakatwa. Niliwapa wazee picha. Absalom aliishika muda mrefu, akaenda kutafuta miwani, akarudi, akaitazama tena. Halafu akakaa chini na kusema, huyu ni nyathi, mtoto wa ndugu yangu. Hakuna aliyebisha baada ya hapo. Yago wameliweka nyuma ya ghala, na mbuzi walianza kulinusa hadi nikacheka. Usiniulize mara ya mwisho nilicheka lini.

Nimekula ugali wote wa jana. Nimefagia chumba chake na kuanika godoro juani.

Nimeiangalia hiyo kamba begani usiku na mchana. Nadhani ndiyo iliyomwokoa. Alishikilia kamba, maji yakamtupa mahali, na kichwa kikaingiwa na kitu hata akasahau kwao. Mambo kama hayo hutokea. Kule Uyoma kuna mtu alirudi namna hiyo akakuta watu wamekwisha kumlia.

Wiki hii nakuja Kisumu kumtafuta. Nitakaa kwa binamu yangu Selpha huko Manyatta. Wewe uko hapo barabarani, nakuomba uwaulize wachuuzi. Nimempa Wakhungu omena ya Shiku, ni ile ya kukaushwa kwenye nyavu, haina mchanga.

Nakushukuru hadi nashindwa.

Maryanne Akello


Mamboleo, 14 Mei 2025

Mama Frankline,

Omena imefika. Shiku anashukuru sana.

Wachuuzi nimewauliza. Hawajui kitu. Yule mama aliyeongea kwenye taarifa amehamia upande wa Kibos, sijampata. Usifanye haraka kuja, mvua huku ni nyingi na njia zimekuwa tope. Na tena, mama, picha ni picha tu. Sitaki ujichoshe.

Nilitaka kukuuliza kitu kimoja. Ile Jumapili uliyomwona, huko Usenge mvua ilinyesha?

Muchiri


Manyatta, 23 Mei 2025

Baba Shiku,

Barua yako niliipata nikiwa tayari njiani. Hapana, Usenge haikunyesha. Jua liliwaka siku nzima na tulianika omena mpaka jioni. Hilo swali lako limenisumbua. Mvua inahusiana nini na mtoto wangu?

Nimetembea. Nimeenda Kibuye, Kondele, Oile, stendi ya basi, hospitalini kwenye wodi za watu wasiojulikana, na chumba cha maiti pia niliingia, nikatoka nikimshukuru Mungu kwamba hayumo. Kila mahali naonyesha picha yako. Karatasi imeanza kujikunja pembeni. Kibuye mwanamume mmoja aliniambia amemwona akibeba magunia karibu na reli. Nilikaa hapo karibu na reli mpaka watu wakaanza kunipa chakula, wakidhani mimi ni mwendawazimu. Hakuwa amemwona. Aliniambia tu kwa sababu nilikuwa nalia na alitaka niondoke.

Kwako nimekuja mara mbili nikakuta mlango umefungwa. Mara ya pili niliweka sikio. Feni ya mashine ilikuwa inavuma ndani. Nilibisha hadi mkono ukauma.

Sasa nimepata wazo, na wewe ndiye unayeweza. Weka picha ya Frankline kwenye skrini zote unazopelekea, kuanzia Asembo Bay mpaka Usenge, kila jioni kabla ya mpira. Andika: anayemwona kijana huyu amrudishe kwa mama yake. Wanaume wote wa ufuoni wako kwenye vibanda saa hizo. Mmoja lazima atakuwa amemwona.

Nangoja jibu kwa Selpha.

Maryanne Akello


Mamboleo, 25 Mei 2025

Mama Frankline,

Nilikuwa ndani. Mara zote mbili nilikuwa ndani, nimezima taa, nakuona kwenye upenyo wa mlango, na sikufungua. Anza kunichukia hapo, kwa sababu yanayofuata ni mabaya zaidi.

Nilikuuliza habari ya mvua nikitafuta pa kuanzia kukiri. Ile Jumapili mvua kubwa ilinyesha Mamboleo kuanzia saa kumi na moja jioni. Mvua ikizidi, dishi halishiki kitu. Zamani skrini zenu zote zilikuwa zinazima, na nyinyi wenye vibanda mnanipigia simu na matusi, wateja wanatoka, watu wanataka kupigana. Nikachoka. Mwaka jana nikaifundisha ile programu ya chini jambo moja: mawimbi yakikatika, isiziambie programu nyingine. Ichukue yaliyohifadhiwa, ya siku kama hiyo na saa kama hiyo, iyagawe kama ya leo. Saa ya pembeni inalingana, kwa hivyo mtu hashtuki. Nilijiona mjanja sana. Niliwaambia watu kwamba skrini zangu hazizimi.

Ulichokiona tarehe nne ya Mei kilikuwa taarifa ya Jumapili tarehe kumi na tatu Aprili. Frankline alikuwa bado yuko nyumbani kwako, anakula kwako, analala kwako. Mimi nilipoiuliza mashine ni nini kilienda Usenge, ilinijibu ukweli. Sikuiuliza kilitoka wapi.

Nilijua siku iliyofuata baada ya kukutumia bahasha. Nilirudi kumwangalia tena, nikaona begani. Mama, ile si kamba ya mashua. Ni waya wangu. Unakumbuka nilimpa waya mpya wa kibanda chenu, Jumamosi moja kabla ya Pasaka? Mimi mwenyewe nilimkatia, nikauzungusha, nikamtundikia begani, akatoka hapa kwenda kutafuta gari. Watu wa televisheni walikuwa hapo nje. Walimpiga picha akipita na kumwonyesha kesho yake. Waya huo ndio unaotoka kwenye nguzo mpaka kwenye skrini yako. Ukirudi nyumbani, inua macho.

Nilianza barua mara nyingi. Halafu omena ikafika, na ukasema umekula. Nilishindwa kukunyang'anya chakula mdomoni. Sasa naona nilichofanya ni kibaya kuliko hicho, nimekuacha utembee mji mzima ukimtafuta mtu ambaye mimi nilijua hayuko.

Rudi nyumbani, mama. Usitafute tena.

Muchiri


Usenge, 28 Mei 2025

Baba Shiku,

Nimerudi. Nimeinua macho. Upo.

Aliutundika mwenyewe, amekunja pale kwenye kona na kuufunga na uzi wa nyavu kwa sababu misumari iliisha. Mimi nilikuwa kwenye omena siku hiyo, sikumwona akifika nao. Ningemwona tu, ningeujua huo waya, na haya yote yasingekuwa. Nilikaa chini yake mpaka Absalom akaja kuniinua.

Ungeniambia ile siku ya pili ningelia na kulia ningemaliza. Watu walikuwa wamejaa, sanduku lilikuwa tayari, wanawake wa kanisa walikuwa wamekuja kulala nami. Nikawarudisha wote. Nikawaambia mtoto wangu anatembea. Sasa nimewaita tena, na wanakuja na macho yale ya kumhurumia mtu aliyepotewa na akili. Umenifanya nimpoteze mara mbili, na mara hii hakuna hata wa kulia nami vizuri.

Sina nguvu ya kukutukana. Ningekuwa nayo ningekutukana.

Tunazika Jumamosi. Lile tunda la kwanza lilikauka na kupasuka nyuma ya ghala, wamekata lingine. Nimelitazama. Yago halina uso, Baba Shiku. Nitawezaje kulilia? Nimeamua picha yako itaingia ndani ya sanduku, juu ya tunda, upande wa kichwa, ili ardhi ijue inampokea nani. Absalom alikataa halafu akakubali.

Ulisema umeiwekea alama isifutwe. Basi nina ombi moja, na ukilitimiza nitajaribu kukusamehe. Baada ya mazishi nichapishie nyingine, kubwa, niitundike kibandani chini ya waya wake. Sina nyingine yoyote. Zake zote zilikuwa kwenye ile simu yangu aliyoenda nayo, na yake iliyovunjika haiwaki tena. Huko Facebook aliweka sura ya mchezaji wa mpira badala ya yake. Iliyobaki hapa nyumbani ni ya darasa la nne, meno ya mbele hayapo, mtu hawezi kujua angekuwa nani.

Hilo tu.

Maryanne Akello


Mamboleo, 29 Mei 2025

Mama Frankline,

Usiweke picha kwenye sanduku. Nalisema kwanza ili ukisoma mstari mmoja tu uwe huo. Usiiweke.

Nilipopata barua yako nilifungua mashine nikuchapishie kubwa hata kabla ya mazishi. Jina lake lipo. Tarehe ipo, saa ipo, na ile alama nyekundu ya kutofutwa ipo. Nikabonyeza, na pakawa giza. Nimebonyeza mpaka nimechoka.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Ile alama niliiweka kwenye programu ya kurekodi. Lakini ya kurekodi haimiliki chochote, inanyoosha mkono tu kama zingine. Picha zenyewe ziko kwa ile ya chini, na ile ya chini sikuiambia. Nafasi ilipojaa ikaanza kufuta za zamani, kama nilivyoifundisha. Nimekimbia studio. Wao wanafuta za wateja kila jioni. Mimi mwenyewe sikubaki na nakala, kwa sababu nilikuwa naogopa kumwangalia.

Karatasi hiyo uliyo nayo ndiyo peke yake iliyobaki, mama. Itoe. Lizike tunda bila uso, nakuomba.

Ningepiga simu, lakini sina namba ya mtu yeyote wa Usenge isipokuwa ile yako, na hiyo tunajua iko wapi. Ningekuja mwenyewe. Nimevaa viatu mara mbili. Sijui nitasimamaje mbele ya wale wazee, mbele yako. Wakhungu ameniapia atafika Ijumaa kabla ya giza, na nimemwambia akukabidhi mkononi hata kama uko katikati ya maombi.

Nisamehe.

Muchiri


Usenge, 3 Juni 2025

Baba Shiku,

Lori la Wakhungu liliharibika Ndori. Alilala hapo siku tatu akingoja kipuri. Barua yako nimeipata jana, Jumatatu.

Alinipa nikiwa kaburini, napanga mawe pembeni. Nilisoma ule mstari wa kwanza na nikaendelea kushika jiwe, sikujua la kufanya nalo. Kisha nikampa Absalom asome, nikidhani labda mimi ndiye sijui kusoma. Alisoma yote. Nikamwambia tufungue, ni kidogo tu, upande wa kichwa, udongo bado ni laini. Akasema kaburi likishafungwa kwa jina la mtu halifunguliwi, hata kama ndani ni tunda. Nilimsihi. Nililala juu ya ule udongo mbele ya watu wote. Wakaniinua.

Siku ile ya mazishi nilikuwa nimelia vizuri, ujue. Kwa sababu ya picha niliweza kulia. Niliilaza hapo mwenyewe, nikaifuta vumbi na kitambaa, nikamwambia, nyathina, mwanangu, lala. Nilijua iko nyingine kwako.

Ungekuja mwenyewe. Magari yalikuwa yanatembea Ijumaa yote. Ungekuja umesimama tu hapo nje ya boma, bila kusema na mtu, ningekuona. Viatu ulikuwa umeshavaa.

Nimeanza kumsahau. Alikuwa na kovu kwenye sikio, la kuumwa na ndoano alipokuwa mdogo. Jana nimekaa nikijaribu kukumbuka ni sikio la kushoto au la kulia. Nimemuuliza Absalom. Naye hajui.

Sitaki uzime mashine yako. Nilifikiri nitakuandikia uizime, lakini sitaki. Jana jioni mawingu yalikuwa meusi upande wa Kisumu, nikajua mvua inawanyeshea, na skrini yangu haikuzima. Kwa hivyo ile programu yako bado inagawa za zamani. Nilikaa kwenye benchi taarifa yote, saa moja mpaka saa mbili, nikiangalia nyuma ya kila mtu anayeongea.

Hakupita.

Maryanne Akello